Glia Si Watumishi wa Nyuroni

Seli za glia ni zile seli za ubongo, uti wa mgongo na mishipa ya fahamu ambazo si nyuroni na wala si sehemu ya mishipa ya damu. Ziko za aina kadhaa. Astrosaiti, zenye umbo la nyota na matawi membamba yasiyohesabika, zimetapakaa ubongo mzima. Oligodendrosaiti huviringisha mayelini, yaani tabaka za mafuta na protini, kuzunguka nyuzi za nyuroni ndani ya ubongo na uti wa mgongo. Seli za Schwann hufanya kazi hiyo hiyo katika mishipa ya fahamu inayosambaa mwilini. Maikroglia ni seli za kinga zinazoishi ubongoni tangu mimba ingali changa. Nyinginezo zimetanda kwenye vyumba vya maji vya ubongo, kwenye retina ya jicho na kwenye kuta za utumbo.

Maoni yaliyotawala kuhusu seli hizi ni mepesi kusimulia. Nyuroni, husemwa, ndizo zinazohisi, zinazokumbuka, zinazofikiri na kuamrisha misuli. Glia huzishikilia mahali pake, huzilisha, huzifunika na kuziondolea taka. Mwanafunzi hujifunza hivyo shuleni, huingia chuo kikuu na fikra hiyo, na mara nyingi hutoka nayo. Watetezi wake wa leo hawadai tena kwamba glia ni gundi tupu. Wamelegeza kamba: wanakubali kwamba kazi zake ni nyingi na kwamba bila hizo ubongo hufa, ila wanashikilia kwamba zote ni kazi za msaada. Msimamo huo nao, hata baada ya kulainishwa, ni wa makosa. Ushahidi uliokusanywa hasa tangu mwaka 1990 unaonyesha kwamba mpaka kati ya kufanya kazi na kusaidia kazi, jinsi unavyochorwa kati ya nyuroni na glia, haumo katika ubongo wenyewe. Umo katika historia ya namna ubongo ulivyochunguzwa.

Historia hiyo inaanzia Ujerumani katikati ya karne ya 19. Rudolf Virchow alikuwa akitafuta ubongoni kile alichokwisha kukiona katika viungo vingine, yaani tishu unganishi inayozishika pamoja seli zenye kazi maalumu. Aliitaja mwaka 1846, akaipa jina la neuroglia mwaka 1856, na mwaka 1858 akaieneza katika mihadhara yake ya Berlin kuhusu patholojia ya seli. Seli mojamoja za glia, kwa maumbo yanayojulikana leo, zilichorwa na wengine baada yake: Otto Deiters, ambaye michoro yake ilitolewa mwaka 1865 akiwa amekwisha kufariki, kisha Camillo Golgi huko Italia katika miaka ya 1870. Kwa hiyo wazo la msaada liliutangulia ushahidi. Hakuna jaribio lililolizaa. Lilitokana na mfanano tu kati ya ubongo na viungo vingine, na mfanano huo haukuwahi kupimwa kabla haujageuzwa kuwa kanuni.

Tena waanzilishi wenyewe hawakukubaliana nalo wote. Mwaka 1895 Santiago Ramón y Cajal, Mhispania aliyegawana na Golgi Tuzo ya Nobel ya mwaka 1906, alipendekeza kwamba astrosaiti huingiza na kuchomoa matawi yake katikati ya nyuroni, na hivyo kuziachia au kuzizuia kuwasiliana. Alidhani usingizi na umakini huenda vinategemea hilo. Mwaka 1907 Ernesto Lugaro wa Italia alitabiri kwamba glia huondoa kemikali zinazomwagwa pale nyuroni zinapokutana. Pío del Río-Hortega, aliyefanya kazi Madrid, alizitambulisha maikroglia mwaka 1919 na oligodendrosaiti mwaka 1921, akatoa hoja kuhusu kazi za kila moja. Maswali yote makubwa yalikuwa mezani kabla ya vita vikuu vya pili vya dunia.

Yaliondolewa mezani na chombo kimoja. Karne ya 20 iliusoma ubongo kwa elektrodi, na elektrodi husikia umeme. Nyuroni hupiga mipigo ya umeme inayodumu kwa sehemu moja ya elfu ya sekunde. Astrosaiti ikichomwa na elektrodi hiyo hiyo hubaki kimya. Mwaka 1966 Stephen Kuffler, John Nicholls na Richard Orkand wa Harvard walipima glia za neva ya jicho ya mnyama wa jamii ya salamanda, wakakuta kwamba chaji ya utando wake hubadilika polepole kufuata potasiamu inayotoka kwenye nyuroni zinapofanya kazi. Maana yake, glia ilikuwa ikipata habari za kila kinachotendeka jirani. Lakini kwa kuwa haikujibu kwa mpigo, wengi waliihesabu kuwa msikilizaji asiye na la kusema. Mwamba ngoma huvutia kwake: waliokuwa na kipima umeme walihitimisha kwamba kisicho na mpigo wa umeme hakina neno.

Chombo kingine kilitoa jibu lingine. Ann Cornell-Bell, Steven Finkbeiner na wenzao wa Yale walitia rangi inayong'aa palipo na kalsiamu ndani ya astrosaiti zilizooteshwa maabara, kisha wakazimwagia glutamati, kemikali ambayo nyuroni nyingi za ubongo hutumia kupelekeana ujumbe. Kiwango cha kalsiamu ndani ya astrosaiti kilipanda, kikashuka, kikapanda tena, na wimbi lake likasafiri kutoka seli moja hadi nyingine. Matokeo hayo yalitolewa mwaka 1990. Ukimya wa astrosaiti ulikuwa ukimya wa umeme pekee. Kwa kemia, seli hizo zina lugha yake, yenye mwendo wa sekunde badala ya sehemu za elfu za sekunde.

Kabla ya kwenda mbele, upande unaozitetea glia unapaswa kutupa silaha mbili mbovu. Ya kwanza ni ile hesabu inayorudiwa kila mahali kwamba glia ni mara 10 ya nyuroni. Si kweli. Suzana Herculano-Houzel na wenzake wa Rio de Janeiro walibuni njia ya kuivuruga tishu ya ubongo hadi ikawa rojo la viini vya seli, wakavihesabu viini hivyo kwa kuvitenga vya nyuroni na vingine. Mwaka 2009 walitoa matokeo ya bongo nne za wanaume: nyuroni wastani wa bilioni 86, na seli zisizo nyuroni karibu bilioni 85, zikiwemo za mishipa ya damu. Uwiano, basi, ni kama moja kwa moja, na hutofautiana sana kutoka sehemu hadi sehemu. Gamba la ubongo pamoja na sehemu nyeupe iliyo chini yake lina nyuroni bilioni 16 na seli nyingine bilioni 61. Serebela, ule ubongo mdogo wa kisogoni, ina nyuroni bilioni 69 na seli nyingine bilioni 16 tu. Silaha ya pili ni ubongo wa Albert Einstein. Mwaka 1985 Marian Diamond na wenzake wa California walilinganisha sehemu nne za ubongo huo na za wanaume wengine 11, wakakuta katika sehemu moja kwamba nyuroni ni chache kwa kila glia. Kipimo kimoja kati ya vinne, kutoka kwa mtu mmoja, hakithibitishi lolote kuhusu akili. Hoja ya glia haihitaji chumvi, na kila anayeitia huwapa wapinzani njia rahisi ya kuikataa yote.

Ushahidi wenye uzito unaanzia kwenye kuzaliwa kwa ubongo. Katika kijusi kuna seli ndefu zinazoitwa glia za miale, ambazo hutandaza uzi mmoja kutoka ukuta wa ndani wa ubongo hadi ukingo wa nje. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Pasko Rakic alionyesha kwamba nyuroni changa hupanda kwa kufuata nyuzi hizo hadi kwenye makazi yake ya kudumu katika gamba la ubongo. Kwa miaka karibu 30 glia za miale zilihesabiwa kuwa ngazi, msaada mwingine tena. Kisha, mwaka 2000 na 2001, kikundi cha Magdalena Götz huko Ujerumani na cha Arnold Kriegstein huko Marekani vikaonyesha kwamba seli hizo zenyewe hugawanyika na kuzaa nyuroni. Nyuroni changa hupanda kwenye mwili wa mama yake. Wanaosema glia zipo kwa ajili ya nyuroni wanapaswa kueleza kwa nini, katika gamba la ubongo, nyuroni ndizo zinazotoka kwenye glia.

Mayelini ndiyo mahali ambapo kosa hili huonekana kwa macho. Mchoro wa nyuroni unaotundikwa darasani huonyesha mwili wa seli, aksoni ndefu, yaani uzi wake wa kupeleka ujumbe, na juu ya aksoni vipande vyeupe vilivyoandikwa mayelini kana kwamba ni sehemu ya nyuroni, sawa na ngozi na mwili. Kila kipande hicho ni seli nyingine. Katika mishipa ya mwilini kipande kimoja ni seli moja ya Schwann. Ubongoni, oligodendrosaiti moja yaweza kutoa vipande kwa aksoni nyingi, pengine hata 50. Mchoro umeimeza seli nzima na kuisajili kwa jina la jirani yake.

Kazi ya vipande hivyo huelezwa kwa neno moja, kuhami, na maelezo huishia hapo. Uzi usio na mayelini hupeleka ujumbe kwa kasi ya kama mita moja kwa sekunde. Uzi mnene wenye mayelini hufikia mita 100 kwa sekunde. Ngisi, ambaye hana mayelini, hulazimika kuwa na aksoni yenye unene wa karibu milimita moja ili kupata mita 20 hivi kwa sekunde. Uti wa mgongo wa binadamu uliojengwa kwa nyuzi za ngisi usingetosha ndani ya mifupa yake. Lakini kasi ni nusu tu ya habari. Ubongo hutegemea ujumbe kutoka sehemu mbalimbali ufike mahali pamoja kwa wakati mmoja, na anayeamua unene na urefu wa mayelini ndiye anayeamua saa ya kufika. Mayelini hiyo haikai kama ilivyowekwa utotoni. Mwaka 2014 kikundi cha William Richardson huko London kiliwazuia panya wakubwa wasiweze kutengeneza oligodendrosaiti mpya, kikawapa gurudumu la kukimbilia ambalo vijiti vyake havikupangwa kwa usawa. Panya wa kawaida walijifunza kulikimbia. Wale waliozuiwa walishindwa kulimudu, ingawa walikuwa na nyuroni zao zote. Waliokwisha kujifunza kabla ya kuzuiwa hawakusahau. Kilichokosekana kwa wale wengine ni kujifunza kwenyewe, na kilikosekana kwa sababu ya glia.

Mtetezi wa maoni ya kale atajibu kwamba hata injini isiyo na mafuta hushindwa kwenda, na kwamba kukwama kwa kitu kinapoondolewa kiungo fulani hakufanyi kiungo hicho kuwa mtenda kazi. Jibu hilo ni la haki na linastahili kipimo cha haki. Seli fulani inashiriki katika kazi ya ubongo, badala ya kuiwezesha tu, ikitimiza masharti matatu: ipokee habari mahususi kuhusu kinachotendeka, ibadilishe mwenendo wake kulingana na habari hiyo, na badiliko hilo liingie katika tabia ya mnyama kwa namna inayoweza kutabiriwa. Kipimo hiki ndicho kinachotumika kwa nyuroni. Zipo nyuroni zinazomwaga noradrenalini au dopamini polepole juu ya eneo pana la ubongo, hazipeleki ujumbe wa kina kwa seli moja mahususi, na hakuna hata mwanafiziolojia mmoja anayeziita watumishi. Kinachoombwa ni glia zipimwe kwa mizani hiyo hiyo.

Astrosaiti zinaifaulu mizani hiyo kwanza pale sinapsi, yaani mahali nyuroni mbili zinapokutana. Vikonyo vya astrosaiti huzizunguka sinapsi nyingi, hufyonza glutamati iliyomwagwa na kuigeuza glutamini, na huondoa potasiamu inayolundikana. Katika binadamu inakadiriwa kwamba astrosaiti moja yaweza kugusa sinapsi kati ya 270,000 na milioni mbili. Kazi hii mara nyingi huitwa usafi. Ila glutamati ikikaa kidogo zaidi, ujumbe hurefuka na kuvuja hadi sinapsi za jirani. Ikiondolewa upesi, ujumbe hukatika. Nguvu na mipaka ya ujumbe huamuliwa na anayeufuta sawa na anayeuandika.

Kuna zaidi. Mwaka 1997 Frank Pfrieger na Ben Barres wa Stanford walitoa nyuroni za retina ya panya, wakazitunza bila glia hata moja. Ziliishi, zikaota nyuzi, zikapiga mipigo ya umeme, lakini hazikuwasiliana ila kidogo sana. Zilipowekewa glia, mawasiliano yaliongezeka mara nyingi. Mwaka 2001 maabara hiyo ilionyesha kwamba idadi ya sinapsi zenyewe ilipanda mara saba, na mwaka 2005 ikazitaja protini za astrosaiti, thrombospondini, kuwa miongoni mwa zinazoamrisha sinapsi zijengwe. Jaribio la 1997 linafaa kutafakariwa polepole, maana ndilo lililotimiza ndoto ya wanaoamini kwamba nyuroni hujitosheleza: nyuroni safi, zenye afya, zenye chakula tele, zisizosumbuliwa na kitu. Matokeo yake yalikuwa umati wa seli zisizosikilizana.

Hata lishe, ile kazi inayoonekana kuwa ya utumishi kuliko zote, haikai katika fungu lililotengewa. Ubongo ni kama asilimia 2 ya uzito wa mwili na hutumia karibu asilimia 20 ya nishati yake. Akiba ya sukari ya ubongo, glikojeni, imo zaidi ndani ya astrosaiti, ambazo huweza kuivunja na kutoa laktati, lishe kwa nyuroni. Mwaka 2011 watafiti wa New York na Lausanne walizuia kuvunjwa kwa akiba hiyo katika hipokampasi ya panya, sehemu ya ubongo inayojenga kumbukumbu, muda mfupi kabla ya funzo. Panya walijifunza na kukumbuka kwa muda mfupi, lakini kumbukumbu ya kudumu haikujengeka. Walipotiwa laktati, ilirudi. Upishi huu, basi, huchagua kipi kitabaki na kipi kitapotea.

Jaribio linalofunga mjadala wa masharti matatu lilifanywa kwa kisamaki kinachoitwa samaki-pundamilia, ambacho mwili wa lava wake, yaani kichanga chake, unapenyeza mwanga kiasi kwamba ubongo mzima waweza kutazamwa ukiwa kazini. Mwaka 2019 Yu Mu, Misha Ahrens na wenzao wa kituo cha Janelia, Virginia, walimfunga lava asisogee na kumwonyesha picha za mazingira zisizosogea hata akipiga mkia vipi. Lava hujitahidi, hujitahidi zaidi, kisha hukata tamaa na kutulia kwa muda kabla ya kujaribu tena. Watafiti walifuatilia nani anaamua kukata tamaa. Nyuroni za noradrenalini zilitoa ishara kila jitihada iliposhindwa. Astrosaiti zilizipokea ishara hizo na kuzilimbikiza kwa njia ya kalsiamu. Kalsiamu ilipofika kiwango fulani, ziliwasha nyuroni zinazonyamazisha kuogelea. Astrosaiti zilipozimwa, lava hakukata tamaa. Zilipoamshwa kwa makusudi, alitulia bila kushindwa kokote. Habari mahususi imo, badiliko limo, tabia imo. Hesabu ya mambo yaliyoshindikana ilitunzwa ndani ya glia, kwa mwendo wa sekunde nyingi ambao mpigo wa sehemu moja ya elfu ya sekunde hauwezi kuushika peke yake.

Ni kweli kwamba sehemu moja ya elimu hii bado ina ugomvi mkali. Mwaka 1999 Alfonso Araque, Vladimir Parpura, Philip Haydon na mwenzao walipendekeza kwamba sinapsi ihesabiwe kuwa na washirika watatu, kwa kuwa astrosaiti nayo hutoa kemikali za ujumbe. Mwaka 2010 maabara ya Ken McCarthy huko North Carolina ilitumia panya wasio na protini moja inayohitajika kwa mawimbi makubwa ya kalsiamu katika astrosaiti, na sinapsi zao zikaendelea kujiimarisha kama kawaida. Wapinzani walilishika jaribio hilo kama kisu. Baadaye ilionekana kwamba panya hao hubaki na ishara ndogo za kalsiamu katika matawi membamba, na mwaka 2023 kikundi cha Andrea Volterra huko Uswisi kilieleza fungu dogo la astrosaiti za hipokampasi zilizo na vifaa vya kutoa glutamati. Si kila astrosaiti, basi, hufanya hivyo, na pengine ni chache. Jambo hilo halirudishi maoni ya kale. Ugomvi unahusu njia moja kati ya nyingi, na masharti matatu yanatimizwa bila ya njia hiyo.

Maikroglia zinaleta ugumu mkubwa zaidi kwa wanaotaka kila kitu kiamuliwe na nyuroni, kwa sababu ukoo wake hauko ubongoni kabisa. Mwaka 2010 ilionyeshwa katika panya kwamba hutoka kwenye mfuko wa kiini cha kijusi na kuhamia ubongoni mapema mno. Zamani zilidhaniwa kulala hadi patokee jeraha. Mwaka 2005 watafiti wa Ujerumani na wa Marekani walizitazama kupitia fuvu la panya hai, wakakuta matawi yake hayatulii hata dakika moja, yakipapasa kila pembe ya ubongo wenye afya. Kisha ikajulikana yanachopapasa. Mwaka 2007 Beth Stevens, Barres na wenzao walionyesha kwamba protini za kinga, zilezile zinazotumika kuwatia alama bakteria, huhitajika ili sinapsi za ziada ziondolewe katika njia ya kuona ya panya wachanga. Mwaka 2012 maabara ya Stevens huko Boston ilizikuta maikroglia zikizimeza sinapsi hizo, na zaidi zile zenye shughuli ndogo. Ubongo mchanga hutoa sinapsi nyingi kuliko utakazobaki nazo. Zitakazobaki ndizo ramani ya mtu mzima, na miongoni mwa wanaochora ramani hiyo ni seli ya kinga iliyotoka nje. Mwaka 2016 jeni ya mojawapo ya protini hizo, C4, ilihusishwa na hatari ya skizofrenia.

Mipaka inazidi kufutika kutoka upande wa nyuroni wenyewe. Mwaka 2000 Dwight Bergles na wenzake waligundua kwamba nyuroni za hipokampasi hujenga sinapsi halisi juu ya glia, yaani juu ya zile seli changa zinazozaa oligodendrosaiti. Nyuroni hazijengi sinapsi juu ya kitu zisichotaka kukiambia neno.

Maoni ya kale yamewagharimu wagonjwa, na ndiyo sababu ubishi huu hauwezi kuachiwa wanamaabara. Ukoma ni mfano wa karibu kwa Afrika Mashariki, ambako Tanzania bado hugundua wagonjwa wapya kila mwaka. Bakteria wa ukoma, aliyegunduliwa na Gerhard Armauer Hansen mwaka 1873, hukaa ndani ya seli za Schwann. Ganzi, vidonda visivyosikika na hatimaye vidole kupotea hutokana na uharibifu wa neva, na uharibifu huo huanzia kwenye glia. Mwaka 2013 watafiti wa Edinburgh walionyesha katika panya kwamba bakteria huyo huweza kuirudisha seli ya Schwann katika hali ya uchanga na kuitumia kusambaa. Dawa mseto zilizopendekezwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 1981 humwua bakteria. Haziirudishi mikono iliyokwisha kufa ganzi. Kuirudisha ni kazi inayohitaji elimu ya seli ya Schwann, na elimu hiyo ingekuwa mbali zaidi kama seli hiyo isingechukuliwa kwa muda mrefu kuwa kifuniko cha waya.

VVU navyo huingia ubongoni na kukaa hasa katika maikroglia na seli za kinga zilizo jirani na mishipa ya damu. Nyuroni haziambukizwi, lakini kumbukumbu na wepesi wa kufikiri wa baadhi ya wagonjwa hupungua, na maficho hayo ya ubongoni ni miongoni mwa sababu za virusi kutoisha hata kwa anayemeza dawa zake bila kukosa. Ini linaposhindwa kazi, amonia hupanda katika damu na mgonjwa huchanganyikiwa hadi kuzimia. Seli zinazoikabili amonia ubongoni ni astrosaiti, na ndizo zinazovimba. Katika ugonjwa mmoja unaopofusha macho na kupoozesha miguu, uliodhaniwa kwa muda mrefu kuwa aina ya sklerosisi nyingi, kingamwili hushambulia njia za maji zilizo kwenye ncha za matawi ya astrosaiti. Hilo lilijulikana mwaka 2005, na baadaye ilibainika kwamba baadhi ya dawa za sklerosisi nyingi huuzidisha ugonjwa huo. Mwaka 2007 vikundi viwili vilionyesha kwamba astrosaiti zenye kasoro ya jeni ya ugonjwa wa kufa kwa nyuroni za misuli huziua nyuroni zenye afya zilizowekwa karibu nazo. Aliyetafuta kosa ndani ya nyuroni peke yake alikuwa akichunguza maiti na kumwacha muuaji.

Saratani za ubongo za jamii ya glioma ndizo zinazoonyesha jambo hili kwa ukali kuliko zote. Mwaka 2019 kikundi cha Michelle Monje huko Stanford na kingine cha Heidelberg vilionyesha kwamba nyuroni hujenga sinapsi juu ya seli za uvimbe huo, zenye asili au sura ya glia, na kwamba umeme unaopitia humo huuharakisha uvimbe kukua na kupenya. Uwezo huo wa kupokea sinapsi uvimbe haukuubuni. Ni ule ule ambao Bergles aliukuta mwaka 2000 katika glia changa zenye afya. Panya wenye uvimbe huo walipopewa perampaneli, dawa ya kifafa inayoziba vipokezi vya glutamati, uvimbe wao ulikua polepole zaidi. Dawa hiyo ilikuwa tayari ipo hospitalini kwa kazi nyingine.